Pongezi za Uongo Kwenye Kompyuta ya Mama Nsimire

Saa tatu asubuhi, mtaani Kanyosha. Asiya Hamoud anavua viatu mlangoni, anaketi mbele ya kompyuta kuukuu, na kabla hajagusa kitu kisanduku chekundu kinaruka pembeni mwa skrini: Pongezi, umechaguliwa kuhamia Kanada. Thibitisha leo.

Nyuma yake Nsimire, mwenye nyumba, ananong'ona asante Yesu. Kama alivyonong'ona jana, na juzi.

Asiya ni fundi wa kompyuta za majumbani. Ametoka mtaa wa Buyenzi kwa miguu, maana petroli siku hizi ni hadithi. Nyumba moja humpa faranga elfu kumi, ikimpa. Wanaume wa gereji jirani na kwao humtania kuwa anatibu mashine zisizotoa hata moshi. Kazi anayoitiwa zaidi ni hii: kuzima ujumbe unaojitokeza bila kualikwa.

Leo aliyemwita ni Orlane, binti wa Nsimire. Amechoka kumwona mama yake ameacha meza ya ndagala, samaki wadogo wa ziwani, sokoni, anashinda nyumbani akilinda skrini, asije akaitwa asiwepo. Sanduku lake la nguo limefungwa tayari kwa safari tangu Pasaka.

Usimcheke Nsimire. Mdogo wake, Laure, alichaguliwa kweli, akaenda kweli. Kompyuta hii ndiyo aliyomwachia.

Asiya anamweleza Nsimire polepole. Siku moja alifungua ukurasa wa nyimbo za kwaya, ukurasa ukaomba ruhusa ya kumtumia taarifa, naye akabonyeza kukubali. Tangu hapo mlango uko wazi, na wanaoingia ni matapeli.

"Mi nilikubali, ndiyo," anasema Nsimire. "Mutu mukimbizi anakatala nini? Ku barrière ya mpaka wanauliza, unakubali. Ku bureau ya wakimbizi wanauliza, unakubali. We ulishaona mukimbizi anasema apana, akapewa kitu?"

Walipovuka mpaka kutoka Kongo waliambiwa ni wiki chache tu. Baadaye wakaambiwa majina yao yanashughulikiwa. Waliosema hayo wamepanda vyeo, wamebadili magari. Yeye bado yuko Kanyosha. Ahadi ya kisanduku hiki ina ukoo mrefu, na wakubwa wa ukoo huo hakuna aliyewahi kuwazima.

Asiya anafungua mipangilio, anaingia palipoandikwa taarifa, anaukuta ukurasa ule kati ya zilizoruhusiwa. Kubonyeza mara moja tu, kwisha. Habonyezi. Anageuka.

"Mama, nizime?"

Nsimire hatazami skrini. Analitazama sanduku la nguo. "Na ile ya kweli ikikuja, itapita wapi?"

Asiya anasema tu kwamba ya kweli haiji hivi. Orlane anainamisha kichwa. Mama mwenyewe anamwambia fundi azime, basi, kisha anatoka kwenda uani asione.

Kisanduku hakirudi tena. Chumba kinakuwa kama nyumba iliyotoka kuzika.

Njiani Asiya ananiambia kuwa nyumba nyingine humshukuru, lakini hapa amejiona kama mleta habari za msiba. Shangazi yake amempa kibaraza Buyenzi. Anataka kuwafundisha akina mama hapo kila Jumamosi.

"Somo la kwanza ni kubonyeza apana," anasema. "Mama Nsimire ameniambia atakuja. Kama atakuwa hajaondoka."