Uso wa Liberati Kwenye Kompyuta ya Zenoni

Jirani yangu Zenoni hajawahi kukubali kwamba kioo cha kompyuta kinaweza kuwa na kosa. Kosa ni la kopi. Hilo alilibeba kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, alikokulia kama mimi, na alikokuwa akisimamia banda la video la maturubai. Filamu zilifika pale zikiwa kopi ya kopi ya kopi. Watu wakilalamika kwamba hawaoni, Zenoni alitoa CD, akaifuta kwa shati, akamlaani mtu wa Kasulu aliyeinakili. Televisheni ilikuwa ile ile, na kopi nzuri ikija picha ilitulia. Kwa hiyo alikuwa na sababu yake, na Zenoni akishapata sababu humwambii kitu.

Hapa Reynoldsburg, ughaibuni, anapakia maboksi kwenye warehouse, na Jumamosi anakaa mezani na laptop ya zamani aliyopewa kanisani. Televisheni ya sebuleni watoto waliipasua kwa mpira, hakuleta nyingine. Anatafuta filamu zilizoandikwa HD, kisha anatuita tuone tofauti. Mimi sijaiona tofauti hata siku moja. Nilikuwa nasema, "Kweli, inang'aa," kwa sababu ananipa lifti kwenda kazini.

Ingekuwa ni filamu za ngumi tu, ningenyamaza. Lakini mama yake, Bibi Theodosia, anaishi naye, na huyo mama ana mtoto mwingine, Liberati, kaka mkubwa wa Zenoni, aliyerudi Burundi kambi yetu ilipofungwa. Liberati ana kitochi, simu isiyo na kamera. Akipigiwa anasema, "Mzima kabisa, Mama," kila mara maneno yale yale. Mwaka huu sauti yake ilikuwa imepungua. Bibi aliisikia, akasema hatatulia mpaka amwone usoni.

Ndipo Liberati akamwoza binti yake, na mpiga video akaitwa. Kipande cha kwanza kilikuja kwa WhatsApp: nguo nyeupe, ukungu, na watu wasio na pua. "Kopi," alisema Zenoni, na safari hiyo alikuwa sahihi. Akamwomba rafiki yake Dionizi, anayeishi Louisville na wakati huo alikuwa kwao Burundi kusalimia, alete filamu nzima kwenye flash, isiyopunguzwa. Dionizi aliporudi akaituma kwa posta.

Siku ya kuitazama Bibi alivaa kitenge cha kanisani, na mimi nilileta maandazi. Zenoni akabonyeza. Laptop ikaanza kuhema, feni inavuma, na picha ikawa inakwama. Kwaya ilimaliza wimbo huku midomo bado inafunguka. Bwana harusi alikuwa mlangoni, mara tukamkuta madhabahuni. Pua sasa zilikuwepo, hilo nakiri. Bibi harusi aliingia kanisani ameshikwa mkono na mjomba wake.

"Kwa nini si Liberati?" aliuliza Bibi.

Zenoni akaisogeza filamu mpaka ukumbini. Kule nyuma, karibu na ukuta, mtu mmoja alikuwa amekaa wakati wenzake wote wamesimama. Alikuwa mdogo kama punje ya haragwe: koti, na juu ya koti doa la kahawia.

"Ndiye yeye?"

"Ndiye, Mama."

"Yukoje?"

Zenoni akachukua simu. Alimpigia Dionizi, simu wazi, sote tunasikia.

"Ulinakili kwa nani?"

"Kaka, nimeipokea mkononi mwa mpiga video mwenyewe."

"Basi amekupa kopi mbovu, na wewe umeibeba tu."

"Nimeibeba mfukoni toka Bujumbura hadi Kentucky, na hii ndiyo asante yako," alisema Dionizi, akakata. Watu hao wawili walibatizwa siku moja. Wakanuniana. Bibi naye akawa anakaa mbele ya laptop asubuhi kabla ya chai, anamwangalia haragwe wake.

Kisha akaja Ange, binti wa Zenoni anayetunza wazee huko Lackawanna, karibu na Buffalo. Alikuja na basi kututembelea, akamkuta bibi yake pale mezani, akaiangalia picha, akamgeukia baba yake.

"Baba, it's not the copy. Ni screen."

"Hiki kioo ni kizima."

"Ni kizima, ila filamu ina vidoti vingi sana, na kioo chako kina vichache. Kinaonyesha vile kinavyoweza tu."

"Na vingine vimekwenda wapi?"

"Havijaenda popote. Viko humo ndani ya filamu. Ukivuta sehemu ndogo, unaviona."

Akaisimamisha picha, akavuta. Kioo kikajaa ukuta, halafu koti, halafu tai. Alipopandisha kidogo, doa la kahawia likawa uso, na ulikuwa safi, kila kunyanzi mahali pake. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Shingo ilikuwa inacheza kwenye kola kama si shati lake. Chini ya kidevu kulikuwa na mikono miwili juu ya mkongojo.

Nilitamani Ange asingekuja, na naliandika kama lilivyo. Zenoni alinyoosha mkono afunge laptop, mama yake akamshika.

"Acha. Mimi ndiye nimemzaa."

Akausogeza uso wake karibu kabisa na kioo, akakaa hivyo. Halafu akaomba simu. Kule Burundi ilikuwa mchana.

"Mzima kabisa, Mama," alisema Liberati.

"Liberati, nimekuona."

Tulisikia kuku wa huko kwao. Kisha Liberati akaanza kueleza: figo, hospitali ya mkoa, na kwamba alikataza watu wasituambie kwa kuwa tuko mbali na tungefanya nini. Bibi alimuuliza kama anakula, na nani anampikia, huku machozi yakimtiririka na sauti yake haibadiliki.

Zenoni alisikiliza amesimama. Halafu akaingia jikoni na simu yake, akaegemea friji. Nilimsikia akimpigia Dionizi.

"Ndugu yangu, nisamehe," alisema. "Kopi ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri mno."