Jina Langu kwa Programu ya Mwende

Nasema kosa langu mwenyewe, kabla wenzangu wa Mutomo hawajalitia chumvi.

Mjukuu wangu Mwende alitengeneza programu ya kuandika chanjo za mbuzi. Aliigawa bure, akitumaini ofisi fulani itaona kazi yake na kumwajiri. Siku ya kuifunga kama kifurushi ili iwekwe kwa kompyuta za Linux, ndivyo anavyoziita, mashine ilimuuliza maswali: programu inaitwaje, inahitaji nini ndiyo iingie, anayeitunza ni nani. Majibu yanakuwa faili ndogo inayosafiri na programu.

Akaandika jina lake. Nikamkemea.

"Kwa hii boma, kuna kitu huandikwa jina la mtoto na mkubwa yuko hai?"

"Susu," akasema, maana ndivyo wajukuu wa kwetu huita nyanya, "hapo ni pa mtu wa kupigiwa simu."

"Basi wanipigie mimi."

Akafuta, akaweka jina langu na namba yangu. Nilijivuna kanisani wiki mbili.

Jumanne, tukiwa kikao cha akina mama, simu ikalia. Masikio yangu ni mazito, kwa hivyo huweka spika.

"Napiga kutoka ofisi ya mifugo, Kitui. Ni wewe ulitengeneza hii programu ya mbuzi?"

Wamama wote wakaniangalia. "Ni mimi."

"Safi sana! Tunataka kukuajiri. Una miaka mingapi?"

"Sabini na nane."

Mwende alikuwa mlangoni na chupa ya chai, macho kwangu.

"Mama, kompyuta unaijua kweli?" yule wa ofisi akauliza.

"Sijui hata pa kuiwashia," nikasema, wote wakisikia. "Aliyeitengeneza ni mjukuu wangu. Jina lake nililifutisha mimi."