Rejea Kifungu cha Tisa

Siku yangu ya kwanza kazini nilifunga tai. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Ujamaa. Shirika moja la umma pale Kurasini lilikuwa limepata kompyuta, nami nilikuwa nimetoka chuo kikuu kifua mbele. Mkuu wa Kitengo alinitazama shingoni. "Ndugu, hiyo umeifunga mwenyewe, au kuna mtu kakufunga?" Chumba kizima kikacheka. Nikaenda kuivulia chooni.

Kazi yangu ilikuwa kuandika mwongozo wa programu ya bohari. Kompyuta ile haikuwa na kioo wala kitufe cha kuomba msaada. Idadi ya sabuni na majembe ilitobolewa matundu kwenye kadi ngumu, kisha kadi zikapangwa na kulishwa kwenye mashine. Mpangilio ukikosewa, mashine ilizitema, na mkoa fulani ukakosa sabuni. Mtaalamu wa kigeni alikuwa ametuachia maelezo ya Kiingereza. Mimi niliyaandika upya kwa Kiswahili, kama mtu anayetunga katiba. Vifungu, vifungu vidogo, na vidogo vyake. Mkuu aliupenda sana, akaagiza utiwe jalada gumu.

Wa kwanza kuutumia alikuwa Bi Zuhura, mpangaji wa kadi, mama wa Temeke aliyekuwa bado kwenye kipindi cha majaribio. Kadi zake zilitemwa wiki baada ya wiki, mpaka Mkuu akaamua kumwachisha kazi. Lakini alikuwa mtu wa haki, akatuita kwanza sote.

"Ndugu Mwandishi, kaa hapo. Usitumie akili yako, tumia kitabu chako. Tumwonyeshe mwenzetu kwamba inawezekana."

Nikakaa. Kifungu cha nne kilinitaka niweke kadi ya utangulizi, ile inayoitambulisha bohari, kwa utaratibu wa kifungu cha tisa. Nikafunua cha tisa. Kilisema utaratibu ni kama ulivyoelezwa katika kifungu cha nne. Nikarudi cha nne. Nikaenda tena cha tisa, safari hii polepole, kana kwamba nikikinyatia kitabadilika.

"Basi gani hili?" akauliza fundi wa mashine. "Linageuza tu, halishushi mtu!"

Walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Kadi ile huwekwa wapi nilikuwa nikijua tangu mwanzo. Ndiyo maana sikuona haja ya kuandika.

Bi Zuhura hakucheka. "Kwa hiyo si akili yangu?" aliuliza. "Maana mie nyumbani naambiwa labda nimeshazeeka."

Mkuu akafunga kitabu. "Bi Zuhura, rudi kwenye meza yako. Na wewe, Ndugu, chukua kiti chako ukakae naye."

Nilikaa naye. Kila aliposita, niliandika sentensi moja kwa ajili ya pale aliposita. Mwongozo mpya haukuwa na vifungu; ulisema chukua, weka, geuza. Ukurasa uliochafuka upesi kwa chai na wino ndio niliouandika tena, kwa kuwa hapo ndipo watu walipokwama. Baadaye nilihamishiwa shirika jingine, chini ya Mkurugenzi aliyependa vitabu vinene. "Mgeni akikishika," alisema, "akione kizito." Nilimwandikia vizito. Nilikuwa na watoto wa kusomesha.

Sasa nimestaafu, naishi Madale. Vijana wanaotengeneza programu hunijia. "Shikamoo mzee. Watumiaji wetu hawasomi maelezo kabisa." Nawauliza kama wamewahi kukaa kando ya hata mmoja wao. Wananionea huruma, wananiaga.

Bi Zuhura alithibitishwa kazini, akashukuru kila mtu, nikiwamo mimi. Tulifanya kazi chumba kimoja miaka mingi kabla sijahamishwa. Lakini kila mashine ilipogoma, hata ikiwa umeme umekatika Kurasini nzima, neno lake la kwanza lilikuwa, "Samahani."