Ifikope za Shadrack

Saa nne asubuhi Clever, kijana wa kubeba mizigo, aliegesha baiskeli mbele ya steshenari ya Tabita pale Sogea, mpakani, akaamkia, kisha akaanza kupangusa tandiko lisilo na vumbi. Keria ilikuwa tupu. Tabita aliiona kabla hajaitikia salamu.

"Mzigo wangu uko wapi?"

"Dada, ule mzigo tuachane nao tu."

Tuachane nao! Mikono ya Tabita iliendelea kupanga karatasi za mitihani ya shule ambazo zilimzuia kwenda mwenyewe Nakonde, upande wa Zambia. Angekwenda mwenyewe. Kosa la kwanza lilikuwa lake, na alilijua.

Tabita Nzunda si mtu wa gemu. Ana miaka arobaini na sita, hajawahi kushika padi hata siku moja, na ukimuuliza nani anapigana na nani atakwambia kawaulize wasio na kazi. Lakini picha za gemu anazo arobaini na moja, kazipanga kwenye albamu ya harusi. Zote ni kazi ya mdogo wake Shadrack, aliyechora mabango ya mabanda ya gemu kuanzia Vwawa mpaka ng'ambo Zambia. Wachoraji wengine walinakili makava ya sidii wakamaliza. Shadrack aliwavika mashujaa vitenge, akawapiganisha katikati ya mibuni. Tangu afariki, miaka tisa sasa, dada yake anayafuata mabango hayo moja moja. Mengine anayapiga picha kabla wenye mabanda hawajayapaka rangi upya, na moja alilikuta Mbangala limegeuzwa mlango wa banda la kuku. Alilipiga picha hivyo hivyo, kuku wakimshangaa.

Alikuwa na sababu. Shadrack aliichukia kamera. Hata siku ya kipaimara chake pale Mbozi Mission, wenzake wote wanatazama mbele, yeye kaonyesha kisogo. Nyumbani kwao hakuna picha hata moja ya uso wake. Ila aliwahi kumwambia mama yao, akicheka, kwamba amejichora mara moja tu, ndani ya gemu, na mwenye hamu naye amtafute humo. Tabita alikuwa amezichungulia sura zote za ile albamu na hakumwona mdogo wake.

Halafu Jumapili akapigiwa simu na Ba Mwila, mzee wa Nakonde aliyekuwa akifunga banda lake la gemu.

"Nimekuta ifikope za mdogo wako stoo," alisema. "Ipo moja alinikataza kuitundika. Aliniambia, huyu ni mimi."

Tabita hakulala vizuri siku mbili. Simu ya mzee ilikuwa ya tochi, haipigi picha, kwa hiyo wakakubaliana azifunge vizuri, Clever azipitie. Na Ba Mwila alizifunga kweli, gazeti ndani, nailoni nyeusi juu, akaandika kwa chokaa: IFIKOPE.

"Sema ulichofanya," Tabita alimwambia Clever.

Clever alikuwa ameshuka kutoka milima ya Ileje wiki tatu tu zilizopita. Kibemba cha mpakani kilikuwa hakijamwingia.

"Nilimuuliza mzee, hiki ni nini, akasema ni fikope. Nikajua ni dawa ya vikope, ya mama yako. Si anaumwa macho? Sasa nimevuka tu mpaka, mbele naona askari wanapekua dawa. Wamemshika mtu na maboksi yake. Nikaona wakinibana nitataja jina lako, wakufunge. Bora dawa ipotee. Nikaitupa."

Kwa Wabemba, ifikope ni picha. Kwetu sisi, vikope ni ugonjwa wa macho. Clever alikuwa amemwokoa dada wa watu na jela ambayo haikuwepo.

"Umeitupa wapi?"

"Kwenye lile jalala nyuma ya malori."

Tabita hakumtukana. Angekuwa na nafasi angemtukana vizuri sana, lakini lile jalala huchomwa kila siku saa tano, na mtaa mzima unajua hivyo. Aliacha mlango wazi na mitihani mezani, akakimbia. Foleni ya malori ilikuwa imefunga njia, ikabidi apenye kati ya matela huku madereva wakimpigia kelele. Ndala moja ikamchomoka, hakuirudia. Alikuwa anaomba kwa sauti, bila haya, Mungu acheleweshe kiberiti.

Alipolivuka lori la mwisho aliona moshi.

Mzee Anania, mchoma taka, alikuwa ameegemea reki yake. Siku hiyo alikuwa amewahi kwa sababu alitakiwa msibani.

"Shikamoo baba. Kulikuwa na mzigo wa nailoni nyeusi. Mpana, bapa."

"Marahaba. Wa hadibodi? Huo ulitangulia, mwanangu. Rangi ya mafuta haingoji."

Tabita alichukua kijiti akachokoa majivu yaliyokuwa bado mekundu, mpaka mzee akamshika mkono kumzuia. Akasimama akihema. Hasira ilimjaa na hakuwa na wa kumpa.

"Uliziona picha zenyewe?"

"Niliiona moja, ya juu. Gazeti liliungua kwanza, ikabaki wazi. Mwanamume ana panga, amevaa chuma mwili mzima."

"Uso wake, baba. Alikuwa na uso gani?"

"Sikuuwahi. Moto ulianzia juu. Niliitazama miguu, maana nilishangaa. Mtu kavaa machuma yote hayo, halafu yuko peku. Na mguu mmoja ulikuwa na kidole cha pili kimelala juu ya kidole gumba."

Katika watoto saba wa mzee Nzunda, wawili tu walirithi kidole hicho kwa baba yao. Tabita alitazama chini, kwenye mguu wake uliopoteza ndala, akausogeza mbele ya yule mzee.

"Kama huu?"

Anania aliinama, akautazama kwa muda mrefu.

"Ndio huu," akasema, "niliouchoma."