Doa la Mawese kwenye Shati la Papa

Mpaka leo, harufu ya mawese yakipata moto hainipeleki jikoni. Inanipeleka kwenye uwanja wa mpira wa misheni, kule Masisi, asubuhi ya mashindano yangu ya kwanza ya baiskeli, na miguu inaanza kuniwasha!

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Papa na mimi tulitoka Itebero, tukatembea siku kadhaa tukiisukuma baiskeli yetu milimani. Tulikuwa tumekubaliana: nikishinda, itakuwa yangu ya mashindano, nikishindwa, itarudi kubeba ndizi. Jioni tulipofika niliupaka mnyororo mawese tele, kama tulivyozoea kwetu msituni. Sisi watu wa joto tungejuaje? Asubuhi baridi ya Masisi ilikuwa imeyagandisha, pedali hazizunguki. Nikalia waziwazi.

“Enda unawe uso, mutoto yangu,” Papa alisema. “Hii kinga uniachiye,” akaivuta baiskeli kwake.

Niliporudi kutoka mtoni, mnyororo ulikuwa unateleza vizuri. Sikuuliza. Nilichoona ni shati lake jeupe la Jumapili, lina doa jekundu tumboni, nami nikamwomba Mungu watu wasijue kuwa ni baba yangu.

Mizunguko thelathini! Vijana wa Masisi walichomoka kama mbuzi waliofunguliwa kamba. Mimi nikashika mwendo wangu. Kila nilipopita, Papa na doa lake alikuwa mbele ya watu wote, akipaza sauti: “Polepole! Njia iko murefu!” Kufikia mzunguko wa ishirini, wenzangu walikuwa wanahema midomo wazi. Nikampita wa tatu, kisha wa pili. Kengele ya mzunguko wa mwisho ikalia, nikasimama juu ya pedali, roho mkononi, nikampita wa kwanza hatua chache tu kabla ya kamba ya kumalizia! Papa akaninyanyua mimi na baiskeli pamoja. Hata hapo, jamani, nilitazama pembeni kwa sababu ya lile shati.

Nilishindana miaka mingi. Papa alikuwa ameshafariki siku nilipompeleka Masisi kijana niliyemfundisha, naye wa Itebero, akafanya kosa lilelile. Kuni zote zilikuwa zimelowa. Nikauvua mnyororo, nikafungua vifungo vya shati, nikaubana tumboni mwangu hadi mafuta yayeyuke. Kile chuma cha baridi kilinitoa ukelele, watu wakageuka.

Papa hakupiga kelele asubuhi ile ya doa jekundu. Mtoni palikuwa karibu, ningemsikia.