Mota Isiyofungwa Chini

Harufu ya mpira unaoungua haijawahi kuniacha nitulie. Juzi nilikuwa napita karibu na kinu cha unga, mkanda wake ukapiga yowe refu, kisha ile harufu ikatoka mlangoni, kali, na ndani yake utamu kidogo, kama sukari iliyoungulia chini ya sufuria. Nikasimama. Watu walinipita na magunia yao kichwani. Mimi nilikuwa nimesharudi Butembo, kwenye kibanda cha mabati cha baba, moyo ukinidunda kama wa mtoto anayengoja kuambiwa kama leo tunaondoka au bado.

Niwaeleze kwanza kwa nini tulikuwa pale. Sisi ni watu wa Beni. Vita vilipokaribia mtaa wetu, baba aliacha vitanda, akaacha kabati la mama na kuku wote, akabeba mashine yake ya kukereza chuma. Jirani yetu Mwislamu, mwenye lori, aliipakia kwa msaada wa wanaume wa mtaa mzima. Mama alisafiri hadi Butembo amekaa juu ya chuma kile, akisema njia nzima kwamba sasa amemwona vizuri mke mwenzake, tena mwenye kitako kizito kuliko chake.

Tulipanga nyumba kilimani, mahali ambapo ukungu huingia hadi jikoni. Tulipanga kwa mwezi mmoja. Mwezi ukaisha, tukasema mmoja tena. Tuliishi hivyo, tumeketi kwa tako moja. Hakuna msumari uliopigwa ukutani. Nguo zetu zilikaa ndani ya magunia. Mama alipanda lengalenga tu, ule mchicha wa kwetu, kwa sababu hukua upesi. Miche ya migomba aliyoletewa na jirani ilinyauka mlangoni, maana baba alisema, "Ndizi ni ya mutu anabakia." Shule sikuandikishwa. Kila Jumapili tukitoka kanisani niliuliza, na kila Jumapili baba alinijibu, "Utasomea kwetu."

Kibandani mambo yalikuwa vile vile. Upande mmoja ilisimama mashine, upande wa pili mota ya dizeli, na katikati yao ulikimbia mkanda mpana ambao baba, kama mafundi wote wa kwetu, aliuita kuruwa. Huo ndio uliochukua nguvu za mota ukazizungusha kwenye chuma. Mashine ilijikalia yenyewe kwa uzito wake. Mota ilikaa juu ya mbao, mbao zikakaa juu ya udongo, na mawe machache yakaegemezwa ubavuni. Saruji hapakuwa, wala bolti. Siku ya kurudi ikifika, baba alisema, tutainyanyua tu.

Tangu tufike alikuwa akipewa vikorokoro: bawaba, ekseli za chukudu, zile baiskeli za mbao zinazoteremka kilima na mizigo. Kisha akaja Mama Kavugho, mwenye kinu cha unga chini ya kilima, na shafti iliyovunjika, ile nondo nene inayozungusha kinu chake. Kama baba angemkerezea mpya, wenye vinu wote wa soko lile wangejua kwamba kuna fundi juu kule. Kama angeshindwa wangejua pia, tena mapema zaidi, kwa kuwa Mama Kavugho alikuwa na sauti ya kuamsha kwaya.

Chuma kikafungwa, mota ikawashwa, kisu cha mashine kikagusa. Kilipogusa juujuu, kila kitu kiliimba. Kilipozama, kuruwa ikapiga yowe. Mota ikaendelea kukimbia, chuma kikasimama, na ile harufu ikajaa hadi machozi yakatutoka.

"Mais Papa Masika," Mama Kavugho alisema pale mlangoni, mikono kiunoni, "hii mashine yako inalia kama mwana banamuachisha ziwa. Iko na njaa?"

"Iko na baridi," baba akajibu bila kucheka. "Butembo baridi ni mingi. Kule Beni hapana kulia hata siku moja."

Masika ni mimi. Nilimsikia na nikamwamini. Niliona ni haki kabisa mashine nayo kutaka kwao.

Hapo baba akaanza kutafuta ugonjwa. Alisugua mkanda kwa majivu, akidhani umeshika mafuta. Ukatulia kidogo, ukalia tena. Akaupaka utomvu ili ung'ang'anie. Ukang'ang'ania, ukateleza, nasi tukanuka utomvu hadi kanisani. Akakagua puli, yale magurudumu yanayobeba mkanda, akipitisha kidole taratibu kama anayetafuta jipu. Mwishowe akakata kipande cha mkanda, akaushona upya kwa waya ili uwe mfupi. Asubuhi hiyo mashine ilikula chuma vizuri, hata nikapiga makofi. Kufikia mchana mkanda ulikuwa umelegea tena, unaning'inia kama tumbo la mbuzi.

"Kuruwa mubaya," alisema. "Inavutika."

Akawa haketi. Alikwenda kibandani, akatoka, akafika langoni, akatazama barabara inayoelekea Beni, akarudi kibandani. Chakula alikula amesimama. Nilimfuata kila hatua, na kutembea huko kukaniingia mwilini, hata nikilala miguu yangu haikutaka kutulia.

Jioni moja Mama Kavugho alikuja kuuliza shafti yake, akamkuta baba kwenye mashine na mama akifagia vipande vya chuma nyuma ya mota. Mama akasimamisha ufagio.

"Papa Masika, hapana kuruwa. Mota njo inatembea."

"Inatembea? Iko na miguu?"

"Siku tulifika, nilikuwa napita huku nyuma kiubavu, ufagio inagonga ukuta. Leo napita na beseni." Akachukua beseni, akaliweka kiunoni, akapita kati ya mota na ukuta kwa maringo, akageuka, akapita tena.

"Nyamuhanga!" Mama Kavugho akamwita Mungu kwa Kinande, akishika mbavu. "Papa, angalia bibi yako!"

"Pengine ni weye umekonda," baba akasema.

"Na hii maisha ya kulala juu ya mifuko, ningekosa kukonda? Masika, leta chaki."

Chaki nilikuwa nayo, kipande nilichokuja nacho kutoka shule yetu ya Beni. Mama akanionyesha pa kuchora: mstari juu ya udongo, mbele kabisa ya mbao, upande unaotazama mashine. Baba akawasha mota, akazamisha kisu. Yowe. Akazima. Tukainama sote, vichwa vikigongana. Mstari haukuwepo tena. Ubao ulikuwa umeufunika.

Kila kisu kilipozama, mkanda ulikuwa ukiivuta mota kuelekea mashine, kidogo kidogo, juu ya udongo. Ungeukata mkanda uwe mfupi upendavyo, mota ingeufuata.

"Donc, sima na bolti," Mama Kavugho akasema, sima yao ikiwa ni saruji. "Kesho bijana yangu batakuletea muchanga."

"Hapana," baba akasema. "Nitaongeza majiwe."

"Majiwe tunaongeza tangu tulifika," mama akasema. Kisha, kwa sauti ya chini, akauliza neno ambalo nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kulitamka wazi: "Baba yake Masika, tutarudia siku gani?"

Baba akatazama viganja vyake vyeusi. Mota ilikuwa bado inapoa, ikilia tik, tik.

"Masika," baba akasema mwishowe, "leta jembe."

Tulichimba mpaka kiza. Kesho yake zege likamwagwa, na baba akasimika bolti ndani yake kwa mkono wake. Lilipokauka na mota kufungwa juu yake, mashine ilikula chuma bila kulia, na Mama Kavugho akaondoka na shafti yake ameifunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto mchanga, akitangaza njia nzima. Jumatatu iliyofuata mama alinipeleka shule, na baba akatusindikiza hadi langoni.

Nilipokuwa mtu mzima ndipo jambo moja lilipoanza kunisumbua. Kule Beni, mtu akimletea baba habari za kinu kinacholia, neno lake la kwanza lilikuwa, "Miguu yake imefungwa?" Na huyo ndiye aliyekagua mkanda na puli, akapaka majivu na utomvu, akapekua kila mahali isipokuwa chini. Hakukosa ujuzi. Aliogopa kuona.

Tena zege likitaka kukomaa sawasawa hunyweshwa maji. Baba alilifunika letu kwa majani ya migomba, na kila asubuhi na kila jioni alichuchumaa kando yake na ndoo, akimwaga polepole, akikaa pale muda mrefu baada ya maji kwisha. Nilidhani anaogopa lisije likapasuka. Leo najua kwamba yale yalikuwa matanga ya nyumba yetu ya Beni, na mfiwa alikuwa peke yake, kwa sababu sisi wengine hatukujua kwamba kuna msiba.