Jagi Walilonawia Wakwe

Naona aibu hata kusimulia, lakini nikinyamaza atawasimulia dada yangu Nyasatu, na yeye huongezaga chumvi, kwa hiyo bora mnisikie mimi. Kilichoninyima usingizi wiki ile kilikuwa swali moja: vile vidudu kwenye tangi langu la samaki ni vidudu gani? Vyeupe, vidogo kama chembe za unga, vinarukaruka majini, na vilitokea baada ya mimi kutoa majani ziwani kupambia tangi. Mtu mwingine angesema ni vidudu tu. Mimi, mhitimu wa uhasibu nisiye na kazi na mwenye muda mwingi wa kuwaza, nikawaza majani, nikawaza konokono wa ziwani, nikafika kwenye kichocho.

Siku wakwe watarajiwa wa Nyasatu wanakuja kwetu Musoma kutoka Butiama kuleta posa (ndiyo, siku hiyohiyo, najua), nikachota maji ya tangi kwa jagi la plastiki, nikaliweka mezani jikoni ili nivipige picha nilinganishe na za mtandaoni. Mama akaniita nikapange viti. Nikaliacha pale.

Wageni walipofika nikaingia sebuleni na sinia la ugali, nikamkuta Nyasatu amepiga magoti, anamnawisha shangazi wa bwana harusi. Kwa jagi lile!

Ningeweza kusema tu, "Dada, ngoja nikuletee maji ya vuguvugu," mambo yakaisha. Lakini kichwa changu kilishamwona shangazi amelazwa, posa imevunjika, Nyasatu anazeekea nyumbani kwa sababu yangu, nikapiga kelele, "Shangazi, usinawe! Hayo maji yana kichocho!" nikalirukia beseni, likapinduka, maji yote yakaishia kwenye kitenge kipya cha shangazi.

Baba akaangalia dari. Macho ya Nyasatu yalishajaa machozi.

"Maji yana nini?" shangazi akauliza taratibu.

Nikaeleza tangi, majani, konokono, huku namfuta kwa kitambaa cha meza. Akalichukua jagi mkononi mwa Nyasatu, akalipeleka dirishani.

"Kweli vinaruka. Lete hiyo simu yako."

Tukainamia picha, mimi na yeye, wageni wote wamejazana nyuma yetu, mpaka tukavipata: viroboto wa maji. Havimdhuru mtu. Samaki wanavila.

"Kwa hiyo nimenawishwa kwa kitoweo cha samaki," shangazi akasema. "Nyie watu wa Musoma mnafugaga mpaka viroboto?"

Aliyeanza kucheka ni baba, na nadhani alicheka kwa ahueni. Shangazi akamshika Nyasatu mkono. "Usilie, mwanangu, posa iko palepale. Ila huyu mdogo wako asinikaribie na maji."

Viroboto nimewaacha, samaki wananenepa. Lakini siku ya mahari ilipokaribia nilianza tena kuwaza: nijifiche jikoni, nijisingizie homa, au niende kwa rafiki yangu kule Bunda? Mwisho nikaamua. Nilisugua jagi, nikakinga maji bombani, nikapiga magoti mbele ya shangazi, na kabla ya kummiminia nikanywa fundo kubwa huku ananitazama.

"Karibu unawe, shangazi."

Akanyoosha mikono yote miwili.